Vumbi la China lafichua siri za mvua na pepo za kale

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mvua iliyonyesha miaka 500,000 iliyopita haikuacha wingu lolote nyuma, wala hapakuwepo mtu wa kuipima na kuiweka katika maandishi. Anayetaka kujua habari zake hana budi kumtafuta shahidi mwingine. Mmoja wa mashahidi wanaotegemewa sana na wanasayansi ni kitu ambacho watu wengi hukifagia na kukitupa nje: vumbi.

Kaskazini ya kati mwa China, vumbi lililobebwa na upepo limerundikana kwa mamilioni ya miaka hadi likafanya vilima, magenge na mabonde. Eneo hilo, linalojulikana kama Nyanda za Juu za Lowesi, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 400,000, yaani karibu robo tatu ya Kenya nzima. Katika sehemu nyingi, unene wa udongo huo ni zaidi ya mita 100, na kwingine hupita mita 200.

Lowesi ni udongo laini wa rangi ya manjano iliyopauka. Chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga lakini ni kubwa kuliko za mfinyanzi. Mto Manjano, unaokatiza nyanda hizo, ulipata jina lake kutokana na udongo huo unaotia maji yake rangi.

Udongo wa lowesi una tabia moja ya ajabu: ukikatwa wima, husimama kama ukuta. Ndiposa wenyeji wa huko, kwa karne nyingi, wamechimba makao yao ndani ya magenge. Tabia hiyo imewahi kuwaletea msiba. Tetemeko la ardhi lililotokea mkoani Shaanxi mnamo Januari 1556 linakadiriwa kuwaua watu wapatao 830,000, wengi wao wakifukiwa ndani ya nyumba hizo.

Kwa mtafiti, kuta hizo ni mithili ya kitabu kilichofunuliwa. Ukurasa wa juu kabisa uliandikwa jana, na ule wa chini kabisa ni wa mamilioni ya miaka iliyopita. Kilichobaki ni kujifunza kuusoma mwandiko.

Pepo mbili, miandiko miwili

Mkazi wa Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya pepo za msimu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi nayo hushika zamu baada ya hapo, na ndiyo iliyoyarejesha makwao. Biashara na utamaduni wa mwambao mzima ulijengwa juu ya zamu hizo mbili.

Chanzo cha zamu hizo ni kwamba nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi kuliko bahari. Bara linapopata joto, hewa yake hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka baharini huingia kujaza nafasi hiyo. Bara linapopoa, mambo hugeuka: hewa nzito na kavu humiminika kutoka nchi kavu kuelekea baharini.

Asia Mashariki ina pepo zake za aina hiyo. Wakati wa baridi, hewa iliyogandamana juu ya Siberia humwagika kuelekea kusini-mashariki, ikapita juu ya Jangwa la Gobi na majangwa mengine ya bara, na kuchukua vumbi. Wakati wa joto, upepo hugeuka na kuja kutoka upande wa bahari za kusini na mashariki ukiwa umebeba mvua.

Nyanda za Lowesi zipo mahali zinapokutana pepo hizo mbili, na hapo ndipo ulipo umuhimu wake. Upepo wa baridi huleta vumbi na kulitua. Upepo wa joto huleta mvua inayolilowesha, ikaotesha nyasi na miti, na kuligeuza kuwa udongo wenye rutuba. Kila mmoja huacha alama yake juu ya ardhi ile ile.

Kwa hivyo, zama za baridi kali zilipotawala dunia, vumbi lilitua kwa wingi na kubaki na rangi yake ya manjano. Zama za joto ziliporejea, vumbi lilipungua, mvua zikaongezeka, na udongo ukawa wa hudhurungi au mwekundu. Matokeo yake ni magenge yenye mistari: manjano, nyekundu, manjano, nyekundu, kutoka juu hadi chini.

Mjadala wa zama nne

Haikuwa rahisi kwa wataalamu kukubaliana kuhusu maana ya mistari hiyo. Katika karne ya 19, baadhi yao walidhani kwamba udongo wa lowesi uliletwa na maji ya mito au maziwa. Mjerumani Ferdinand von Richthofen, aliyeizuru China na kuanza kuchapisha kitabu chake kikubwa kuihusu mwaka wa 1877, alishikilia kwamba ni upepo uliouleta. Hoja yake ilikuwa na uzito: udongo huo umefunika vilima na mabonde kwa pamoja, na ndani yake mna makombe ya konokono wa nchi kavu, si wa majini.

Mchina Liu Tungsheng, aliyezaliwa mwaka wa 1917 na kufariki mwaka wa 2008, ndiye aliyeupeleka utafiti huo mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1950, yeye na wenzake walitembea katika nyanda hizo wakikusanya sampuli. Waligundua kwamba chembe zilizo kaskazini-magharibi, karibu na majangwa, ni kubwa, na kwamba huzidi kuwa ndogo kadiri mtu anavyoelekea kusini-mashariki. Hivyo ndivyo upepo unavyofanya kazi: huangusha mizigo mizito kwanza na kwenda na miepesi.

Ugunduzi mwingine uligonga imani iliyokuwa imekita mizizi barani Ulaya. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kufuatia utafiti uliofanywa katika milima ya Alps, vitabu vingi vilifundisha kwamba dunia ilipitia zama nne tu za barafu. Lakini mistari ya lowesi haikuwa minne. Katika eneo la Luochuan, ambako udongo huo una unene wa takriban mita 135, matabaka mekundu na ya manjano yanapokezana mara nyingi mno.

Mwaka wa 1982, Liu na Friedrich Heller kutoka Uswisi walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima umri wa matabaka ya Luochuan kwa kutumia sumaku. Udongo huo ulionekana kuanza kurundikana yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Kwa kuwa mashapo ya chini ya bahari nayo yalikuwa yakitoa ushahidi kama huo, nadharia ya zama nne haikuwa na pa kusimamia. Dunia ilikuwa imepoa na kupata joto mara kadhaa wa kadhaa. Mnamo 2002, Liu alitunukiwa Tuzo ya Tyler, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa zaidi za sayansi ya mazingira.

Jinsi vumbi linavyosomwa

Kipimo cha kwanza ni ukubwa wa chembe. Upepo dhaifu hauwezi kubeba chembe kubwa hadi mbali. Kwa hivyo, tabaka lenye chembe kubwa linaashiria kwamba upepo wa baridi ulikuwa mkali, au kwamba jangwa lilikuwa limesogea karibu. Chembe nyingi za lowesi zina upana wa kati ya sehemu 10 na 50 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa binadamu ni mnene kuzishinda.

Kwa kutumia kipimo hicho, Stephen Porter wa Marekani na An Zhisheng wa China walionyesha mwaka wa 1995 kwamba nyakati ambapo vumbi la Luochuan lilikuwa na chembe kubwa zaidi zinalingana na nyakati ambapo milima ya barafu ilimiminika kwa wingi katika Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini. Kwa maneno mengine, baridi iliyovamia bahari upande mmoja wa dunia ilisikika jangwani upande mwingine.

Kipimo cha pili ni sumaku. Udongo mwekundu huvutwa na sumaku mara kadhaa zaidi ya ule wa manjano. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba madini ya sumaku yaliangushwa kutoka angani kwa kiwango kisichobadilika, na kwamba vumbi lilipozidi liliyazimua tu. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya madini hayo huzaliwa papo hapo ardhini, pale mvua na joto vinapobadilisha chuma kilichomo udongoni. Mvua ya wastani ikiongezeka, nayo sumaku huongezeka. Kwa njia hiyo, watafiti walipata kipimo cha mvua ambayo hakuna aliyeiona.

Hata hivyo, kipimo hicho kina mipaka yake. Udongo uliotota maji kupita kiasi hupoteza madini hayo, hivi kwamba mvua nyingi mno huweza kusomeka kama ukame. Isitoshe, katika lowesi ya Alaska na Siberia hali ni kinyume: vumbi la zama za baridi ndilo lenye sumaku kali, kwa sababu upepo mkali ulibeba chembe nzito za chuma. Mtafiti anayehamisha kanuni ya China kwenda kwingine bila kuichunguza atapotoka.

Ndiyo maana hawategemei shahidi mmoja. Hutazama pia aina za konokono, kwa kuwa wapo wanaopenda baridi na ukavu na wapo wanaopenda joto na unyevu. Hupima kaboni iliyoachwa na mimea, inayoonyesha aina ya nyasi zilizostawi. Kadhalika, hupima beriliamu-10, kitu kinachotengenezwa angani na miale kutoka anga za mbali na kuteremshwa ardhini na mvua. Mwaka wa 2018, watafiti walichapisha katika jarida la Science historia ya mvua ya miaka 550,000 iliyopatikana kwa kupima beriliamu-10 katika lowesi ya China.

Kalenda iliyofichwa ardhini

Kujua kwamba mvua ilinyesha hakutoshi ikiwa haijulikani ilinyesha lini. Hapo pia sumaku husaidia, ingawa kwa njia nyingine. Ncha za sumaku za dunia zimewahi kugeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Chembe za chuma zinapotua na kufungika udongoni, huelekea upande ambao sumaku ya dunia inaelekea wakati huo. Mgeuko mkubwa wa mwisho ulitokea yapata miaka 780,000 iliyopita. Tabaka unamoonekana mgeuko huo hupata tarehe yake mara moja, popote lilipo duniani.

Kwa matabaka ya karibu zaidi, hutumiwa nuru. Chembe za madini ya kwatsi zinapopigwa na jua safarini, hupoteza nishati zilizokuwa zimehifadhi. Zikishafukiwa, huanza kukusanya nishati upya kutoka kwa mionzi hafifu ya udongo unaozizunguka. Katika maabara, chembe hizo humulikwa na kutoa mng'ao, na mng'ao huo huonyesha muda ambao zimekaa gizani. Sampuli kama hizo huchukuliwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mwanga wa jua wa muda mfupi tu huweza kufuta kalenda yote.

Kalenda hizo zilipowekwa pamoja, zilidhihirisha mapigo yanayofuatana na mwendo wa dunia angani. Njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika umbo katika vipindi vya takriban miaka 100,000. Mwinamo wa mhimili wake hubadilika kwa vipindi vya miaka 41,000. Aidha, mhimili huo huyumba kama pia inayozunguka, na hivyo kubadilisha majira ambapo dunia huwa karibu na jua, kwa vipindi vya miaka 23,000 hivi. Katika lowesi ya miaka milioni moja iliyopita, pigo la miaka 100,000 ndilo linalosikika kwa nguvu zaidi.

Mashahidi wanapotofautiana

Hapo ndipo penye fumbo ambalo limewakuna vichwa wataalamu. Katika mapango ya kusini na ya kati mwa China kuna mawe yaliyojengeka tone baada ya tone kutokana na maji ya mvua. Mwaka wa 2016, historia iliyosomwa kutoka kwa mawe hayo ilifikia miaka 640,000. Lakini pigo linalosikika humo zaidi ni lile la miaka 23,000, wala si la miaka 100,000 kama ilivyo kwenye vumbi.

Mashahidi wawili wa pepo zile zile wanatoa maelezo tofauti. Je, nani msema kweli? Baadhi ya watafiti wanasema kwamba mawe ya mapangoni hayapimi wingi wa mvua pekee, bali pia mahali maji yake yalikotoka. Wengine wanasema kwamba udongo wa lowesi hufuata ukubwa wa barafu ya dunia na baridi ya Siberia kuliko mvua yenyewe. Huenda kila shahidi anasema kweli, ila kila mmoja ameulizwa swali tofauti.

Kuna tahadhari nyingine. Kurasa za kitabu hicho zimewahi kung'olewa na upepo na maji, hivyo mahali pengine kuna mapengo. Pia asili ya vumbi si moja. Uchunguzi wa chembe za madini ya zirkoni, uliochapishwa mwaka wa 2013 na 2015, ulionyesha kwamba sehemu ya vumbi hilo ilisagwa kwenye milima ya Tibet, ikasombwa na Mto Manjano, kisha ikapeperushwa na upepo. Mto ukibadilisha njia, vumbi hubadilika hata kama upepo haukubadilika.

Pamoja na hayo, kitabu kimezidi kurefuka. Mwaka wa 2002, Guo Zhengtang na wenzake walieleza kuhusu matabaka ya vumbi huko Qinan, magharibi mwa nyanda hizo, yaliyoanza kutua miaka milioni 22 iliyopita. Hilo lina maana kwamba tayari wakati huo kulikuwa na majangwa katikati ya Asia ya kutoa vumbi, na pepo za kulisafirisha.

Vumbi la Afrika

Bara la Afrika nalo lina kumbukumbu zake, ila nyingi zimelala chini ya bahari. Vumbi la Sahara hupeperushwa hadi Atlantiki, na lile la Arabuni na Pembe ya Afrika huangukia Bahari ya Arabu. Meli za utafiti hutoboa sakafu ya bahari na kutoa nguzo ndefu za tope, ambazo husomwa kama yanavyosomwa magenge ya Luochuan.

Peter deMenocal wa Marekani alichapisha mwaka wa 1995 uchunguzi wa nguzo hizo kutoka pande zote mbili za bara. Alisema Afrika ilipiga hatua kuelekea ukavu takriban miaka milioni 2.8, milioni 1.7 na milioni 1 iliyopita, na akazihusisha hatua hizo na mabadiliko ya viumbe, wakiwemo mababu wa binadamu ambao mabaki yao yamepatikana Kenya, Tanzania na Ethiopia. Watafiti wengine waliozichanganua takwimu hizo kwa mbinu tofauti hawakuafikiana naye kuhusu tarehe hizo, na mjadala ungali unaendelea.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka pwani ya Mauritania. Tope la huko linaonyesha kwamba Sahara, iliyokuwa na nyasi na maziwa, ilianza kutoa vumbi jingi yapata miaka 5,500 iliyopita pepo za mvua zilipodhoofika.

Hata Mlima Kilimanjaro una ukurasa wake. Mnamo 2000, Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya kilele hicho na kupata tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30 hivi. Walikadiria kwamba lilitua yapata miaka 4,000 iliyopita, na katika makala yao ya mwaka wa 2002 wakalihusisha na ukame mkubwa uliolikumba eneo pana la tropiki za Afrika. Barafu hiyo imekuwa ikiyeyuka na kupungua, na ikitoweka, ukurasa huo nao utatoweka.

Manufaa yake leo

Huenda mtu akauliza faida ya kuhangaika na mvua zilizokwisha kunyesha. Vipimo vya mvua vilivyoandikwa na binadamu katika sehemu nyingi za dunia ni vya karne moja au mbili tu. Muda huo ni mfupi mno kuonyesha mambo ambayo pepo za msimu zinaweza kufanya. Programu za kompyuta zinazotumiwa kutabiri tabianchi ya miaka ijayo hujaribiwa kwanza kwa kuambiwa zieleze yaliyopita. Programu inayoshindwa kueleza mvua za kale haiwezi kuaminiwa sana kuhusu mvua za kesho.

Lowesi imekwisha kutoa jibu moja la wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, uliotegemea kaboni iliyoachwa na nyasi za kale, ulionyesha kwamba dunia ilipotoka kwenye baridi ya zama za mwisho za barafu na kuingia katika joto la miaka elfu kadhaa iliyopita, ukanda wa mvua wa China ulisogea kaskazini-magharibi kwa kilomita zisizopungua 300. Umbali huo unatosha kugeuza malisho kuwa mashamba, au mashamba kuwa jangwa, kutegemea mtu anaishi upande gani.

Hilo si hakikisho kwamba joto la sasa litaleta mabadiliko yale yale. Joto la zamani lilitokana na mwendo wa dunia na kuyeyuka kwa barafu kuu, na lilichukua maelfu ya miaka. La sasa linatokana na gesi zinazotolewa na shughuli za binadamu, na linaenda kasi zaidi. Lakini vumbi limethibitisha jambo moja ambalo mkulima wa Shaanxi, kama vile mkulima wa Makueni anayesubiri mvua za vuli, ana sababu ya kulitilia maanani: njia ya mvua si mpaka uliochorwa mara moja kwa milele. Imewahi kuhama, na inaweza kuhama tena.